Etaji katika barabara mpya

Mama Zaituni tulimzika Alhamisi alasiri. Jua lilipoanza kushuka nilikuwa bado nimeketi kwenye mkeka nyumbani kwake, katika mtaa wa Mangobo, katikati ya wanawake ambao wengi hawakunijua. Wanaume walikuwa nje chini ya turubai, wakinywa chai ya tangawizi na kuzungumza kwa sauti ya chini kuhusu bei ya saruji. Nilitoka kumpa pole mumewe. Tonton Saidi, Tonton yaani mjomba, kama sote tulivyomwita, alikuwa kwenye kiti cha plastiki, amevaa kanzu iliyopigwa pasi na miwani nyeusi, mikono imelala juu ya mapaja yake kama ya mtu anayesubiri kuitwa. Nilishika mkono wake nikasema pole, Tonton. Hakuniuliza jina. Alisema, "Mado. Uko naendesha bado?" Nikajibu kwamba bado naendesha. "Mutuka ya namna gani?" Nikasema ni kagari kadogo tu, ka chini. Akatikisa kichwa taratibu. "Ya chini ni muzuri," alisema, na kwa muda mrefu hakuachia mkono wangu. Nyuma yake, pale ambapo sasa mpangaji fulani amejenga chumba cha kunyolea nywele, nilijua ndipo ilipokuwa ikisimama Etaji, jeep yake ya zamani, na tangu siku ile sijaweza kufikiria jambo lingine.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa na miaka ishirini na kidogo. Nilikuwa nimetoka Barumbu kuja kusoma jiografia, lakini chuo kikuu kilikuwa kimefungwa kwa mgomo wa maprofesa, na kila mwezi tuliambiwa mgomo unakaribia kuisha. Nilipanga chumba kwa Mama Zaituni kwa sababu kilikuwa safi na kwa sababu yeye mwenyewe, siku ya kwanza, alinipa sahani ya wali na sombe, majani ya muhogo, kabla hata hatujapatana bei. Chumba changu kilipakana na sebule yao. Ukuta uliotutenganisha haukufika mpaka darini. Juu kulibaki nafasi ambayo mwanga wa taa yao ulipitia, na harufu ya karafuu, na kila neno. Nilijua wanapoomba, wanapocheka, Mama Zaituni anapomsomea mumewe ujumbe wa simu kutoka kwa binti yao aliyeolewa Kindu. Mama Zaituni alikuwa mwanamke mrefu, mwepesi, asiyetembea bila kubeba kitu. Tonton Saidi alikuwa mzito, mpole, mwenye sauti ya kukwaruza. Watoto wao walikuwa wameshaondoka, na nyumba ile ilikuwa na utulivu ambao sikuwahi kuujua, utulivu wa watu wawili waliozoeana.

Etaji ilikuwa jeep. Tonton aliinunua ikiwa mzoga kutoka kwa watu waliokuwa wakikata mbao, na katika miaka ya matope, wakati barabara ya Bafwasende ilikuwa mashimo yaliyomeza malori mazima, aliiinua. Aliongeza springi, akaweka vipande vya chuma kati ya springi na ekseli, kisha akaivalisha matairi ya lori kubwa yaliyomfikia mtu kifuani. Ilipokwisha, mwanamke hakuweza kuipanda bila kigoda. Watu wa mtaani wakaiita Etaji, yaani ghorofa, na jina likashika. Ilinuka mafuta ya mawese, samaki wa chumvi na mazuti, yaani dizeli. Wafanyabiashara waliipenda kwa sababu ilipita pale ambapo malori yalilala wiki nzima, nayo iliwarudisha nyumbani na mchele wao ukiwa mkavu. Tonton hakuwahi kujisifu kwa mdomo, lakini alipoiosha, alianza na matairi, na aliyaosha kama mtu anavyomwogesha mtoto.

Asubuhi moja tukinywa chai alinitazama akasema, "Mado, wewe unakaa bure tu hapa. Kuya na mimi Bafwasende. Utaniangaliaka mizigo." Mama Zaituni aliona ni jambo jema, akanifungia chikwanga, mkate wa muhogo, na samaki kwenye majani. Nikapanda kiti cha kulia, juu kabisa, nikauona mji kwa namna ambayo sijawahi kuuona: paa za mabati, vichwa vya watu wa toleka wakikanyaga baiskeli zao, vikapu vya mama wachuuzi kutoka juu. Tulipotoka mjini na msitu ukatubana pande zote mbili, Tonton alianza kuniuliza. "Kuume iko nini?" Nikasema kuna mtu na mbuzi. Baada ya kitambo: "Kuume?" Nikasema hakuna kitu. Nilidhani anatania, ananipima kama nimelala. Tulipovuka daraja la kwanza alisimamisha jeep, akaliziba jicho la kushoto kwa kiganja, akanigeukia. Jicho la kulia lilikuwa na utando mweupe katikati, kama tone la maziwa. "Sasa wewe uko kwangu kama moshi," alisema. "Docteur alisema ni mutoto wa jicho. Alisema na la kushoto litafuata." Nikamuuliza kwa nini asifanyiwe upasuaji. Akasema kwamba mtu mmoja aliyemjua alifanyiwa akatoka haoni kabisa, na kwamba Zaituni asijue, na wateja wasijue. "Mutu hapandi mutuka ya kipofu, Mado."

Hivyo ndivyo nilivyojifunza kuendesha. Mwanzoni alinipa usukani kwenye sehemu tupu tu, baadaye kutoka kizuizi cha kwanza cha polisi mpaka karibu na Bafwasende. Kibali cha kuendesha nilikipata kwa njia ile ile ambayo watu wengi wa mji walikipata wakati ule. Alikuwa mwalimu mzuri. Hakupiga kelele. Katika matope alinifundisha kwenda polepole, gia ya chini, bila kukata mafuta na bila kuongeza, nikiacha matairi yale makubwa yatafute ardhi yenyewe. Nilikuwa nikihisi jeep nzima ikizama, ikafikiri, kisha ikajiinua upande mmoja halafu mwingine, na nyuma mama wachuuzi wakipiga vigelegele. Sijui kama nimewahi kuwa na furaha ya namna ile tena. Nimefundisha shuleni miaka mingi, nimezaa, nimejenga. Lakini kuna siku, nikiwa nimesimama mbele ya ubao, mikono yangu inakumbuka ule usukani ukipigana nami na kukubali. Tukikaribia mji tulibadilishana viti. Yeye aliingia Mangobo akiwa dereva, nami nikiwa mtu wa mizigo.

Halafu barabara ikatengenezwa. Tulikuwa tumezisikia mashine muda mrefu kabla hatujaziona, zikinguruma msituni kama mvua inayokuja. Kampuni ya wageni ilikata miti ya kando, ikajaza mashimo, ikamwaga udongo mwekundu na kuushindilia mpaka ukawa mgumu kama sakafu. Mji mzima ulishangilia, na haki yao. Chumvi ilifika vijijini, wagonjwa walifika hospitali. Safari iliyokuwa ya siku nyingi ikawa ya asubuhi na mchana. Nakumbuka jinsi Tonton alivyosimama kando siku ile ya kwanza, akiipapasa barabara kwa kisigino cha kiatu, na kusema, "Sasa tutaruka." Mimi ndiye niliyekuwa kwenye usukani tuliporuka, na ndiyo siku nilipoanza kuiogopa Etaji.

Sijui kama mtu ambaye hajaendesha gari lililoinuliwa vile ataelewa. Katika matope tulikwenda mwendo wa mtu anayetembea, na kwa mwendo ule urefu wake ulikuwa baraka. Katika barabara iliyonyooka, mara tulipoongeza kasi, ilianza kuelea. Usukani ulikuwa na nafasi tupu katikati. Niligeuza kidogo na hakuna kilichotokea, niligeuza zaidi na jeep ikaja yote kwa pamoja, ikabidi niirudishe, na ikapita kiasi upande mwingine. Tulikwenda hivyo, tukiyumba kama pirogi ya mtoni iliyopakiwa vibaya. Kwa kasi fulani matairi ya mbele yalishikwa na tetemeko, na meno yangu yakagongana. Lori lilipotupita, upepo wake ulitusukuma mpaka ukingoni. Breki zilikuwa zile zile za zamani, zilizotengenezwa kwa magurudumu madogo, na sasa zilitakiwa kuyasimamisha magurudumu mazito kama mawe ya kusagia. Nilikanyaga, nikasubiri, nikakanyaga tena. Na mshale wa mwendo ulidanganya. Nilipolinganisha na mawe ya kilomita niliona kwamba tulikuwa tukienda kasi kuliko ulivyosema, kwa sababu kila mzunguko wa matairi yale ulituchukua mbali zaidi. Nilimwambia Tonton. Akacheka. "Basi tunafika mbele ya saa. Ni vizuri."

Lakini hakuwa akicheka moyoni. Malori mapya yalikuwa yakipita mara mbili kwa siku, na vigari vidogo, na pikipiki zenye magunia. Hakuna aliyehitaji tena gari la kuvuka matope. Wateja wetu walipungua, wakabaki wale waliokuwa na urafiki wa zamani, na hata wao walilalamika kwamba tunachelewa. "Kanyaga, Mado," alisema, na lori lingine likatupita na kutuachia vumbi. Nilikataa kupita kasi niliyoiona ni salama. "Wewe uko mwoga sasa," alisema siku moja, na hilo lilikuwa neno kali kuliko yote aliyowahi kuniambia. Nilimwomba ateremshe springi, atoe vile vyuma, aivalishe matairi ya kawaida. Aligeuza uso akatazama msitu. Ninadhani sasa kwamba nilikuwa nikimwomba avue kitu ambacho bila hicho asingejua yeye ni nani.

Wakati huo huo maneno yalikuwa yameanza. Mteja wetu wa zamani kuliko wote alikuwa Mama Odette, aliyeuza sabuni na vitenge, mwanamke mnene, mchangamfu, mwenye mdomo usiotulia. Aliniona nikiendesha, akaona tunabadilishana viti karibu na mji, na akatafuta sababu, na sababu aliyoipata ilikuwa ile ambayo watu huipata kwanza. Nilizisikia habari zangu mwenyewe zikipita juu ya ule ukuta usiofika darini. Ilikuwa baada ya sala ya adhuhuri. Jirani alikuwa amekuja kuazima kinu. "Soko nzima inasema," jirani alisema. "Inasema Saidi ameoa ule wa Barumbu. Anamufundisha hata mutuka." Nikamsikia Mama Zaituni akijibu, taratibu sana, "Waseme." Kisha kinu kikachukuliwa na mlango ukafungwa, na sikusikia kitu kingine mchana wote.

Tangu hapo sahani yangu ilitoka jikoni ikiwa imefunikwa, ikaachwa mlangoni. Awali nilikuwa nikila nao, mikono yetu mitatu kwenye sinia moja. Sasa nilikula lituma yangu, ndizi iliyopondwa, peke yangu kitandani. Hakunifukuza. Hakunitukana. Aliacha tu kunitazama. Nilipokutana naye uani alipita upande, akiwa na ndoo au ufagio, kama mtu anavyopita karibu na nguzo. Nilikuwa najua kwamba neno moja lingenisafisha, na kwamba neno hilo halikuwa langu.

Alinijia mwenyewe, asubuhi moja Tonton akiwa msikitini. Nilikuwa nimechutama mbele ya mbabula nikipuliza makaa ili nichemshe maji. Alikaa kwenye kigoda mbele yangu, mikono mitupu, na nilishtuka kuiona mikono yake ikiwa mitupu. "Mado," alisema, "mimi si mutu wa kugombana. Niambie tu. Kama ni kweli, nitakupa chumba ya mbele na tutakaa. Kama si kweli, niambie ni nini." Nilimtazama. Alikuwa amejiandaa kunipokea kama mke mwenza; alikuwa ameshalia alichokuwa nacho cha kulia. Nikamwambia. Nilimwambia habari ya jicho la kulia, na daraja, na "kuume iko nini," na la kushoto ambalo lilikuwa limeanza. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akafunika uso kwa kitenge na mabega yake yakatikisika, na kwa muda sikujua kama analia au anacheka. Sikujuta kusema, hata baada ya yote yaliyofuata, na nimekuwa na miaka mingi ya kujiuliza. Kukaa kimya kungekuwa kumwachia aendelee kuumwa na kitu ambacho hakikuwepo. Lakini kutojuta hakujawahi kunipa usingizi mzuri.

Walizungumza sebuleni nami nikiwa chumbani, nimelala juu ya kitanda nikitazama ile nafasi ya mwanga. "Utaacha kuendesha," Mama Zaituni alisema. "Mado ataendesha, mbele ya watu, na wewe utakaa pembeni, na juma hii utaenda kwa docteur." Kisha akamwita: "Saidi?" Sauti yake ya kukwaruza ilijibu, "Unataka nipite Mangobo nikiendeshwa na mutoto mwanamuke? Watu waseme nini?" Na yeye, "Watu wamekwisha kusema, baba." Tonton aliinuka. Nilisikia ndoo, maji, kitambaa. Alikuwa anaosha matairi.

Safari iliyofuata alipanda kiti cha dereva mbele ya nyumba, mchana kweupe, akapiga honi ndefu ili majirani wote wamwone. Mama Zaituni alishika mlango. "Saidi, shuka." Hakushuka. Mama Zaituni akanigeukia, na kwa mara ya kwanza baada ya majuma mengi akanitazama machoni. "Basi panda," aliniambia. "Umuonee barabara." Nikapanda upande wa kulia. Nyuma walikuwepo wateja wachache, na Mama Odette akiwa juu ya mizigo yake ya sabuni, akiimba.

Aliendesha vizuri mwanzoni. Nilisema kila nilichokiona: baiskeli, mama na mtoto, kuku, shimo. Hakujibu. Tulipopita kizuizi cha polisi alianza kukanyaga. Lori lilitupita, akalifuata ndani ya vumbi lake. Nilisikia tetemeko likianza chini ya miguu yangu, nikasema, "Tonton, tafazali." Akasema, "Iko sawa." Barabara ilipinda kushoto karibu na kijiji chenye kanisa la udongo. Vumbi lilipotawanyika niliona, upande wa kulia, karibu sana, mwanamume akisukuma baiskeli iliyobebeshwa makaa mpaka juu ya kichwa chake. Nikapiga kelele, "Kuume!" Aligeuza usukani kushoto kwa nguvu zote, jeep ikapita kiasi, akaurudisha kulia kwa nguvu zile zile. Gari la chini lingegeuka. Etaji haikugeuka, iliinama. Iliinama polepole, hivyo nilivyoona mimi, kama mtu mzima anayekaa chini akiwa amechoka, na nikaona mbingu mahali pa msitu, kisha nikawa nimening'inia juu ya Tonton, injini ikinguruma na magurudumu ya upande wangu yakizunguka hewani.

Mtu wa makaa hakuguswa. Alisimama pale pale ameshika baiskeli yake, akisema "Yesu, Yesu." Watu wa kijiji walikuja wakikimbia, wakatutoa. Mkono wangu ulikuwa umeteguka. Tonton alikuwa amevunjika mbavu na hakuweza kuvuta pumzi vizuri. Wale wa nyuma walitupwa majanini, wakainuka mmoja mmoja, wakijipapasa. Mama Odette hakuinuka. Alikuwa chini ya mzigo wake, na jeep juu ya mzigo, na walipoisukuma sote tuliona kwamba hakuna haja ya kuharakisha. Sabuni zilikuwa zimetapakaa kwenye ule udongo mwekundu mzuri. Mwanamke mmoja wa kijiji alivua kitenge chake akamfunika. Nilikaa kando yake mpaka gari la kuwachukua majeruhi lilipofika. Nilikuwa nimemchukia mwanamke yule kwa majuma kadhaa, na sasa nilikuwa nikimfukuzia nzi usoni, na chuki yangu haikuwa na mahali pa kwenda.

Tonton alilazwa hospitali chini ya ulinzi wa polisi. Ndugu za Mama Odette walikuja nyumbani Mangobo, wakasimama uani wakipiga kelele kwamba wataichoma Etaji popote ilipo. Mama Zaituni aliwaletea viti. Alikaa chini, kwenye udongo, mbele yao, kichwa kimefunikwa, mpaka walipochoka. Sikujua kwamba mtu anaweza kufanya hivyo. Walipoondoka alisimama, akajipangusa, akaniuliza kama mkono wangu unaweza kushika kitu. Nikasema unaweza kidogo. Mkuu wa kijiji alikuwa ametuma habari: jeep imesimamishwa kwa kamba na lori, injini inawaka, iondolewe kabla haijaleta vurugu, na polisi walikuwa wamekwisha kuandika yao.

Tulikwenda kwa pikipiki mbili. Etaji ilisimama kando ya kanisa, ubavu mmoja umebonyea, kioo hakipo. Vijana wa kijiji walitaka kuniletea dereva wa lori. Mama Zaituni alisema hapana. Alileta jiwe kubwa, akalikanyaga, akajivuta mpaka juu kwenye kiti cha kulia. Katika miaka yote ile hakuwahi kupanda gari la mumewe. Niliendesha kwa gia ya pili. Kila kitu kilitupita: malori, pikipiki, hata toleka mmoja kwenye mteremko, akatugeukia akashangaa. Upepo uliingia mahali pa kioo na vumbi likatujaa kinywani. Kisha akauliza, "Kwa nini inatikisika hivi?" Nikamweleza habari ya urefu na matairi, na breki, na mshale unaodanganya. Alisikiliza kwa makini kama aliyekuwa akisikiliza habari za ugonjwa wa ndugu. "Na aliijua hii yote?" "Aliijua, Mama." Akatazama mikono yake. "Odette alikuwa na mudomo," alisema. "Lakini alinisaidia kuzaa binti yangu. Mvua ilikuwa ya kuua na akakuja." Halafu akalia waziwazi, bila kujifunika, mpaka tulipoona paa za kwanza za mji.

Kwenye kizuizi kulikuwa na polisi wawili na watu wengi waliokuwa wamekwisha kusikia. Jeep iliposimama walirudi nyuma kidogo. Polisi mmoja alizunguka akaja upande wangu, akaniangalia, akaangalia ule mkono uliofungwa, kisha akatazama nyuma ya kiti kama anayemtafuta dereva. "Chauffeur iko wapi?" aliuliza. Mama Zaituni aliinama mbele yangu, uso wake mweupe kwa vumbi, michirizi miwili ya machozi ikiwa imekauka mashavuni, na akasema kwa sauti ambayo hata wale wa mbali waliisikia, "Ni huyu. Ni mutoto wangu. Fungua."